Duka limemuuzia shemeji yangu bunduki ya bomba kwa ajili ya mtoto, na ndani ilikuwa na risasi!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Niko Minnesota, Marekani, na uzi huu nauelekeza hasa kwa Waswahili wenzangu mlioko huku ambao watoto wenu wameanza kuwaomba waende kuwinda na wenzao wa shule. Mlioko nyumbani karibuni pia, mna ya kusema.

Binti yangu ana miaka 12. Amemaliza mafunzo ya usalama wa silaha yanayosimamiwa na idara ya maliasili ya jimbo. Kwa wasiojua, hapa Minnesota aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 kwa kawaida hapewi leseni ya kuwinda bila cheti hicho, na mtoto anaweza kuanza darasa akiwa na miaka 11. Binti alisoma, akafanya mtihani, akafaulu. Mjomba wake akafurahi, akaahidi kumnunulia zawadi ya bunduki yake ya kwanza ili msimu wa kindi na sungura umkute yuko tayari.

Nikamwambia shemeji kwa maneno yasiyo na utata: nunua bunduki ndogo ya risasi za .22 yenye bolti (komeo la chuma unalofungua na kufunga kwa mkono), inayopokea risasi moja tu kwa wakati mmoja, fupi na nyepesi. Nikamtajia na majina ili asihangaike: Savage Rascal, Crickett, au Henry Mini Bolt. Rascal ina uzito wa kilo moja na robo hivi, kitako chake kimepimwa kwa mkono wa mtoto. Unaingiza risasi kwa vidole, unafunga bolti, unalenga, unafyatua, unafungua, ganda linatoka. Ukitaka nyingine unaanza upya. Nilichokitaka ni hicho tu.

Shemeji kaenda dukani. Muuzaji kamsikiliza nusu, halafu akaanza kumcheka. Eti ya risasi moja ni mdoli. Eti mtoto ataichoka kabla ya Krismasi. Eti kwa hela ileile ampe kitu cha maana, na akamletea kutoka rafu ya mitumba bunduki ya zamani ya bolti yenye bomba la risasi chini ya mtutu (hiyo ndiyo bunduki ya bomba ninayoisema). "Inabeba zaidi ya kumi, na tumeikagua." Shemeji si mtu wa bunduki, ni mtu wa moyo mzuri tu. Ana grinkadi, akajaza fomu 4473 (ya serikali, ya kununulia bunduki), wakampigia ukaguzi wa rekodi, akapita, akalipa dola 200 na ushee, akaja nayo nyumbani akitabasamu.

(Kwa faida ya wageni: mwenye viza ya muda, ya masomo au utalii, sheria ya shirikisho kwa kawaida hairuhusu amiliki bunduki wala risasi, isipokuwa aangukie kwenye masharti maalum kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Msije mkajiharibia makaratasi kwa ajili ya kindi.)

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Nikaipeleka gereji, nikaelekeza mtutu kwenye kona isiyo na mtu, nikafungua bolti. Chemba, tundu risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu. Nikachomoa bomba la ndani, lile la shaba lenye springi, nikainamisha mtutu chini na kutikisa. Kimya. Nikachezesha bolti mbele na nyuma mara kadhaa ili kama kuna risasi kwenye kijiko kinachoziinua ipande juu. Hakuna kitu. Mtu mwingine angeishia hapo akasema ni tupu. Mimi nikachukua kijiti chembamba cha mbao nikakipitisha kwenye bomba la nje, kikagota katikati. Nikasukuma taratibu, na ikashuka risasi nzima, haijapigwa, kichwa cha risasi kimefanya utando wa kijivu na nta kavu imeganda pembeni na uchafu mweusi. Imekaa humo muda mrefu sana. Imeuzwa nayo. "Tumeikagua."

Nilitetemeka, nasema ukweli. Bunduki hii ilikuwa imeandaliwa kwenda mikononi mwa mtoto wa miaka 12.

Nawaeleza kwa nini ilinasa humo, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Risasi ya .22 Long Rifle, ambayo imekuwepo tangu 1887, kichwa chake ni cha madini laini ya risasi na kwa nje mara nyingi kimepakwa nta. Nta hiyo inakusanya vumbi na masizi. Kwenye bomba la magazini (hifadhi ya risasi za akiba) inaacha utando mwaka hadi mwaka, na baridi ya huku ikiingia utando unakuwa mgumu. Bomba likiwa na mbonyeo hata mdogo, risasi inakwama hapo. Unachomoa bomba la ndani, springi yote inatoka nalo, hakuna tena kinachoisukuma ile risasi, inabaki imelala. Siku unaisafirisha kwenye gari inatikisika, inateleza hadi kwenye kijiko, halafu mtu anafunga bolti kwenye bunduki "tupu". Si nadharia hiyo. Bunduki za namna hii ndivyo zinavyofanya kazi.

Nikarudi dukani na shemeji. Nimekuta muuzaji mwingine, nikamweka ile risasi mezani. Unajua alinijibu nini? Kwamba ni jambo la kawaida kwa bunduki za bomba, ndiyo maana inabidi mtu azijue.

Sasa kama ni jambo la kawaida, na kama inabidi mtu azijue, kwa nini mwenzako amemsukumia mteja aliyesema kwa mdomo wake kwamba ni ya mtoto anayeanza? Mteja kaja na jibu sahihi mkononi, wewe ukamwondolea ukampa lisilo sahihi kwa sababu rafu ya mitumba imejaa! Hapo ndipo damu inaponichemka.

Najua watakuja watu hapa chini kuniambia nimezidisha. Kwa hiyo tuongee kuhusu bunduki zenyewe.

Ya risasi moja, pa kukagua ni mahali pamoja tu. Bolti ikiwa wazi unatazama chemba, umemaliza. Mtoto anaweza, mama yake asiyejua bunduki anaweza, jirani anaweza. Ya bomba ina sehemu tatu za kuficha risasi: chemba, kijiko, na bomba lenyewe. Mtu mzima mwenye uzoefu akichoka jioni anasahau moja. Mtoto je?

Kisha kuijaza. Ya bomba unalivuta lile la ndani kuelekea mdomo wa mtutu, unadondosha risasi moja moja kwenye tundu, unarudisha, unafunga. Maana yake mikono ya mtoto inashinda karibu na mdomo wa mtutu kila anapojaza, na kwa kimo chake uso nao unasogea huko. Darasani wamemfundisha kanuni ya kuutawala mtutu wakati wote, halafu tunampa bunduki inayomlazimisha aufuate mtutu.

La tatu ndilo linalonitisha zaidi. Risasi za .22 fataki yake (kemikali ya kuwashia baruti) haipo katikati ya kitako cha ganda kama za bunduki kubwa. Imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inagonga ukingo. Wakati mwingine fataki haikuenea vizuri pale pini ilipogonga, risasi haiwaki. Yeyote aliyefyatua boksi nyingi za bei rahisi amekutana nalo. Utaratibu ni kusubiri, mtutu umeelekea sehemu salama, angalau nusu dakika, kwa sababu inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Na mbaya zaidi, kuna risasi inayowaka nusunusu, kichwa kinaishia katikati ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka. Mtoto mwenye bunduki ya bomba akisikia "tik" au mlio dhaifu, mkono unavuta bolti wenyewe, risasi nyingine imeshapanda. Mwenye ya risasi moja lazima asimame. Lazima aangalie kilichotoka, lazima atafute nyingine mfukoni. Muda huo ndio mzazi anapata nafasi ya kusema "subiri".

Na msiseme .22 ni ndogo. Kichwa chake kina gramu 2.6 tu, kweli, lakini kinatoka kwa kasi inayozidi mita 300 kwa sekunde na kinaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Someni onyo kwenye boksi.

Kuhusu huo "mdoli" sasa. Hili limeniuma kwa sababu ni dharau ya mtu asiyejua kazi anayolipwa kuifanya. Kwenye Olimpiki, mashindano ya bunduki ya mita 50 yanapigwa kwa .22 Long Rifle, na bunduki zinazoruhusiwa ni zile zinazojazwa risasi moja moja kwa mkono. Walenga shabaha bora duniani, wakiwa na Anschütz za Kijerumani za maelfu ya dola, wanaweka risasi moja, wanapumua, wanafyatua, wanafungua bolti. Hao nao wanachezea midoli? Na ukirudi nyuma, Winchester walitengeneza Model 67, ya risasi moja, kuanzia 1934 hadi 1963. Ile hata ukifunga bolti haijakoki. Lazima uvute kitufe cha nyuma kwa vidole ndipo iwe tayari kupiga. Watoto wengi wa mashambani Marekani wamejifunzia hizo, na leo ni wazee wanaozitafuta kwenye minada. (Ukiikuta haina namba usiogope, kabla ya sheria ya silaha ya 1968 bunduki nyingi za bei nafuu hazikupigwa namba.)

Waliokulia vijijini kwenye gobore wananielewa bila maelezo. Ukishafyatua umemaliza, mpaka ushindilie tena. Kwa hiyo mtu anasogea, anatulia, anakuwa na uhakika na mnyama na kilichopo nyuma ya mnyama, ndipo anapiga. Nidhamu hiyo ndiyo ninayoitaka kwa binti yangu. Akiwa na kumi na kitu ndani ya bomba, ya kwanza ikikosa ya pili inaenda kwa hasira, ya tatu kwa papara. Nimeona vijana wakubwa wakifanya hivyo kwenye viwanja vya shabaha, tena mbele ya baba zao.

Sisemi bunduki ya bomba ni mbaya. Nitakuwa mwongo. Kwa mtu mzima anayejua anachofanya ina raha yake: haina magazini ya kudondosha msituni, na nyingi zinakubali Short, Long na Long Rifle (risasi za .22 za urefu tofauti) bila kulalamika, jambo ambalo nyingi za magazini ya kuchomoa haziliwezi vizuri. Remington 512 na Marlin 81 ni kazi safi ya enzi zake. Lakini nyingi unazozikuta leo ni mitumba, na bomba la ndani likipinda au kupotea utazunguka sana kulipata. Mnunuzi aambiwe hayo. Aambiwe pia apitishe kijiti.

Na akina baba wenzangu wa kwenye magrupu ya WhatsApp, nanyi sijawaacha. Nilipoeleza kisa hiki, nusu yenu mliniuliza kwa nini binti apewe "ya kuanzia" badala ya "bunduki ya ukweli". Wengine mkasema mtoto wa kiume ndiye wa kupewa, tena inayobeba nyingi. Kwa hiyo mtoto wa kiume risasi haimwui? Mnanunua kwa kuhesabu risasi ngapi zinaingia, kama vile mtoto anaenda vitani. Sungura mmoja anahitaji risasi moja iliyopigwa vizuri. Zilizobaki zinaenda wapi? Kuna nyumba za watu nyuma ya hiyo miti!

Ninachowadai wauzaji si kikubwa. Mteja akisema ni ya mtoto anayeanza, muonyeshe ya risasi moja kwanza. Akitaka nyingine baada ya hapo ni uamuzi wake. Na bunduki ya bomba isitoke dukani kabla bomba la nje halijapitishwa kijiti mbele ya macho ya mnunuzi. Inachukua sekunde chache. Mkishindwa hilo msiandike kwamba mmekagua.

Mlio na bunduki ya bomba nyumbani, hasa iliyonunuliwa mtumba, nawaomba leo hii mtoe bomba la ndani, mchezeshe bolti huku mtutu ukielekea sehemu salama, kisha mpitishe kijiti cha mbao tangu mwanzo hadi mwisho wa bomba la nje. Kikigota, kuna kitu. Msikilazimishe, sukumeni polepole.

Hali ilivyo sasa: duka limekubali kuichukua lakini linataka kukata sehemu ya hela, eti ni sera yao kwa mitumba. Shemeji anataka kukubali yaishe. Mimi nimemkatalia. Risasi ninayo kwenye kikopo, picha ninazo, risiti yenye neno "imekaguliwa" ninayo. Jumatatu tunarudi na tutamuomba meneja mwenyewe. Hela irudi yote, na binti atapata Rascal yake. Nitaleta mrejesho hapahapa.

Kama kuna mwanasheria au mtu aliyewahi kushughulika na masuala ya watumiaji hapa Minnesota, naomba ushauri wako. Wenye matusi mkae nayo.