Bandugu, naomba ushauri: teatre na nguo za baridi

Jambo bandugu na badada, niko Lubumbashi, commune ya Kenya, minaandika mapièce ya teatre kwa Kiswahili chetu cha hapa na minataka sana ikuwe kazi yangu ya kweli. Bachezaji benye niko nabo banakataa kushika texte ku kichwa, banasema groupe Mufwankolo, ile ya teatre ya hapa Lubumbashi, ilikuwaka inapatana tu juu ya histoire kisha kila mutu anatafuta maneno yake, na batu balibapenda sana ku radio na ku télé, ni kweli. Lakini mie minachagua kila neno, kuko mama moja mu pièce anahesabu makuta ya makala huku anaongea na bwana yake, kama unaruka hesabu moja ile hasira yake haisikike tena. Sasa nibaache baongee vile banataka kisha niandike kile kimetoka kizuri, ao nikaze? Benye mulishapita mu njia hii munisaidie, minaona hii njo itaamua kama nitaendelea ao hapana.

Ingine, nataka kupeleka texte ku Institut français, na huu ni mwezi wa saba, asubui baridi inakata kabisa. Natafuta koti nzito ya tombola (mitumba) na suruali ya kitambaa, yote isipite dola 15. Ni soko gani banafungua mabalo (marobota ya nguo) mapya, na siku gani? Minapenda nguo ya heshima, rangi ya kahawia ao nyeusi, yenye nitavaa hata siku ya kucheza.