Kuhama HDD kwenda NVMe: kurekebisha nakala ya dd, kutumia rsync au kupiga Ubuntu upya?

BintiTanga
Wakuu salaam. Deskitopu yangu ina Ubuntu 22.04 kwenye HDD (diski ya zamani ya kuzunguka) ya GB 500. Nimeifungia NVMe (diski mpya ya kasi) ya TB 1, nikawasha kwa flashi yenye Linux na kunakili diski nzima kwa dd, kipande kwa kipande. HDD bado imo ndani. Mpangilio ni huu: sda1 ni EFI (ya kuwashia), sda2 ni / (mfumo wenyewe), sda3 ni /kazi (hesabu zote za duka zimo humo). Mashine bado inajikokota kama zamani. Parted (programu ya patisheni) inasema si nafasi yote ya diski mpya inayotumika, inauliza "Fix/Ignore". Nikichomoa HDD, inasubiri dakika moja na nusu halafu inaniangusha kwenye emergency mode (hali ya dharura). Niirekebishe nakala niliyo nayo, nianze tena kwa rsync (kunakili faili kwa faili), au nipige Ubuntu upya kama anavyotaka fundi wa huku kwetu?

FundiWaGeto
Piga upya dada. Mafaili weka kwenye diski ya nje, shusha Ubuntu, rudisha mafaili, kesho unauza kama kawaida. Kuhangaika na patisheni ni kujitafutia kazi.

MzeeWaTerminal
Taratibu jamani. Nakala yake nzima, tatizo ni anwani.

Dada, andika lsblk -f. Utakuta / imekaa sda2, yaani bado unatumia HDD. dd inanakili kila kitu pamoja na UUID, kwa hiyo sasa una diski mbili zenye kitambulisho kimoja, na mashine inatafuta / kwa UUID hiyo. Inachukua itakayoiona kwanza. Ndiyo maana kasi haijabadilika.

Parted isikutishe. Jedwali la GPT (ramani ya patisheni) lina nakala ya pili inayokaa mwisho kabisa wa diski. Kwenye NVMe imebaki pale HDD ilipoishia, karibu na katikati. Jibu Fix, au sgdisk -e /dev/nvme0n1. Mafaili hayaguswi.

Emergency mode naikisia, lakini tuwekee /etc/fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa mashine ikiwaka) tuone.

BintiTanga
Hii hapa, mkuu. Mistari miwili ya juu ina UUID, huu niliuongeza mwenyewe zamani:
/dev/sda3 /kazi ext4 defaults 0 2

MzeeWaTerminal
Umemkamata mwizi. Ukichomoa HDD hakuna tena kitu kinachoitwa sda3, kwa sababu kwenye NVMe patisheni hiyo jina lake ni nvme0n1p3. Systemd, inayosimamia kuwaka kwa mashine, inaisubiri sekunde 90, inakata tamaa, inakupeleka emergency. Weka UUID yake unayoipata kwa blkid, na badala ya defaults andika defaults,nofail ili siku diski ikikosekana mashine iwake hivyo hivyo.

Sasa swali zito kuliko yote: tangu unakili, umeingiza hesabu zozote?

BintiTanga
Ndiyo, kila siku.

MzeeWaTerminal
Basi zote zimeandikwa kwenye HDD, NVMe haina habari nazo. Ukichomoa HDD leo na kuendelea, mauzo ya tangu siku ile huyaoni. Usiifute HDD.

MwanaKisumu
Hapo ndipo mimi naona rsync inaishinda dd. Na kuna jambo hamjaligusa: nafasi mpya iko nyuma ya p3 (yenye /kazi), wakati inayohitaji kupanuka ni p2 (yenye /). Resize2fs, inayopanua mfumo wa mafaili, haiwezi kuruka patisheni iliyo mbele yake. GParted inaweza kuisogeza p3, ila huko ni kuhamisha data kutoka mwanzo hadi mwisho, na umeme ukikatika katikati ya safari unabaki na nusu huku na nusu kule. Kama huna UPS, usiguse hiyo.

Kwa rsync ungezipanga patisheni za NVMe unavyotaka, ukanakili kwa rsync -aAXHx. Ile x inaizuia isiingie /proc na /sys. Ubaya wake, baada ya hapo unaandika fstab mpya, unaingia ndani ya mfumo mpya kwa chroot, unapiga grub-install na update-grub ili mashine iweze kuwaka nao. Kwa asiyezoea, hapo jasho linatoka.

MzeeWaTerminal
MwanaKisumu kasema kweli kuhusu p3. Lakini kuna njia ya kati. Washa kwa flashi. Ukishapiga sgdisk -e, tengeneza p4 kwenye nafasi mpya, nakili /kazi kwa rsync kutoka sda3 (siyo p3, ile imeshapitwa na wakati). Vivyo hivyo leta /home kutoka sda2. Kwenye fstab ya NVMe, mstari wa /kazi upe UUID ya p4. Zima, chomoa kebo ya HDD, washa. Ukiona hesabu zote zipo, futa p3, kisha growpart /dev/nvme0n1 2 na resize2fs /dev/nvme0n1p2. Ext4 inapanuka huku mashine inatumika. Growpart, inayopanua patisheni, imo kwenye kifurushi cha cloud-guest-utils.

Na ushukuru mfumo wako wa mafaili ni ext4. Nakala mbili za btrfs, mfumo mwingine, zenye UUID moja ndani ya mashine moja zinaweza kuharibu data.

sindano_ya_data
Nadandia uzi. Yangu ni Fedora, nimetoka SATA kwenda NVMe kwa Clonezilla (programu ya kunakili diski), haifiki popote, inasema haioni diski.

MwanaKisumu
Kwenye menyu ya GRUB (inayotokea ukiwasha) chagua ile ya rescue, ina madereva yote. Dracut ya Fedora hujenga initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kuwaka) kwa vifaa ilivyovikuta tu, na siku ile NVMe haikuwepo. Ukiingia, piga dracut -f --regenerate-all. Ubuntu kwa kawaida hubeba madereva mengi, ndiyo maana dada hakukwama hapo.

FundiWaGeto
Nimewasoma, nasimama pale pale. Matengenezo ya kawaida ya 22.04 yanaisha mwaka 2027, atapanda toleo jipya tu. Si afanye yote kwa mkupuo?

MzeeWaTerminal
Hoja ina uzito, fundi, hasa kwa mashine iliyojaa takataka za miaka. Lakini duka liko wazi na programu ya hesabu imeshasetiwa. Aamue mwenyewe kwa wakati wake, asilazimishwe na mstari mmoja wa fstab.

BintiTanga
Nimefuata njia ya p4. HDD nje, mashine inawaka kabla sijakaa vizuri kitini, mauzo yote yapo, / imepanuka. HDD nataka kuirudisha iwe ya bakapu, nifanyeje?

MwanaKisumu
Kwanza iangalie afya kwa smartctl -a, kama Reallocated_Sector_Ct (idadi ya sekta mbovu zilizobadilishwa) inapanda, bakapu tafuta diski nyingine. Ikiwa nzima, irudishe na uwashe kwa flashi, siyo kwa Ubuntu yako, maana UUID bado zinafanana. Thibitisha kwa lsblk kwamba sda ndiyo ile ya GB 500, piga sgdisk --zap-all /dev/sda, kisha tengeneza patisheni mpya ya ext4. Itapata UUID yake.

BintiTanga
Smartctl inasoma 0. Leo usiku nikifunga duka naifanya.