Mjadala: Filamu fupi za mapenzi ya kwanza ya jinsia moja zionyeshwe kwa wanafunzi wa Ufilipino?

Najua wengi mtanipinga, na karibuni. Ufilipino ina filamu fupi nyingi za watengenezaji huru kuhusu mvulana anayempenda mvulana mwenzake kwa mara ya kwanza, au msichana anayeshtuka kuona moyo wake umemwelekea rafiki yake wa kike. Je, wanafunzi wa sekondari wa nchi hiyo waonyeshwe darasani, au ziachwe kwa watu wazima wanaohudhuria matamasha ya filamu kama Cinemalaya ya Manila? Mimi nasema waonyeshwe.

Pingamizi la kwanza huwa ni kwamba watoto wasioneshwe mambo haya. Wameoneshwa tangu zamani! Mwaka 1969 mchekeshaji Dolphy alicheza Facifica Falayfay, mvulana aliyelelewa kama msichana, na watu wakamcheka hadi hadithi ilipomgeuza kuwa mwanamume kama wengine. Kwa miongo mingi bakla, jina wanalompa mwanamume mwenye mwenendo wa kike, amekuwa kichekesho cha sinema na televisheni, na familia nzima hukaa sebuleni kumtazama. Hakuna mzazi aliyeombwa ruhusa. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anayeanza kuhisi jambo asilolielewa anakuwa ameshajua nafasi aliyotengewa: achekwe. Hilo linaniuma kuliko busu lolote kwenye skrini.

Filamu fupi mara nyingi haina nyota wa kulipwa wala kampuni inayodai vicheko, kwa hiyo inaweza kumtazama kijana huyo kwa utulivu. Petersen Vargas, mzaliwa wa Pampanga, alitoa Lisyun Qng Geografia mwaka 2014 kwa Kikapampangan, lugha ya kwao, kuhusu vijana wawili waliosoma pamoja na mapenzi yaliyokuwapo kati yao. Kijana wa mkoani anasikia mambo haya yakisemwa kwa lugha anayoongea na mama yake, wala si kwa Kitagalog cha Manila peke yake. Tena urefu wenyewe unafaa. Dakika 15 au 20 hazimlazimishi mwongozaji kutatua maisha ya mtu. Anakuachia siku moja, njia moja ya kurudi nyumbani, neno lililoshindwa kutoka. Na kipindi kinabaki na muda wa kuzungumza.

Wapinzani hunitupia mara kwa mara Ang Pagdadalaga ni Maximo Oliveros ya Auraeus Solito, iliyotoka 2005. Si filamu fupi, lakini hoja yao ni nzito: Maxi, mvulana wa hadithi hiyo, ana miaka 12, na anayempenda ni polisi, mtu mzima. Nisingeanzia hapo na darasa. Ningeanza na hadithi za vijana wa rika moja, kwa sababu suala la umri halina mzaha. Sheria ya Ufilipino iliacha umri wa kuridhia ngono kuwa miaka 12 hadi 2022, ndipo ukapandishwa kuwa 16. Hata hivyo, kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2006 filamu hiyo ilioneshwa katika programu ya watoto na ikashinda huko, pamoja na kupata Teddy, tuzo ya filamu za mapenzi ya jinsia moja. Mnaoikataa tazameni baba na kaka zake Maxi. Ni wezi wa mtaani, maskini, na hawamtaki mtoto abadilike hata kidogo. Ni familia ngapi zenye heshima zao zinaweza kusema hivyo?

Kuhusu imani, Wafilipino wengi ni Wakatoliki na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anaonyeshwa nini. Aarifiwe, aalikwe, akae nyuma ya darasa akitaka. Lakini shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch mwaka 2017 ilieleza jinsi wanafunzi hawa wanavyodhihakiwa shuleni, wakati mwingine na walimu wenyewe, ingawa sheria dhidi ya uonevu shuleni ipo tangu 2013. Muswada unaoitwa SOGIE, wa kuzuia ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi au jinsia, uliwasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Baraza la Wawakilishi likaupitisha 2017 kwa kura 198 bila hata moja ya kupinga, ukafia Seneti. Mwanafunzi wa leo hawezi kuahirisha ujana wake akingoja maseneta.

Pingamizi linaloninyima usingizi linatoka kwa watu wanaozipenda filamu hizi. Wanasema darasa litaziua: taja mambo matano uliyojifunza, alama kumi. Baya zaidi, taa zikiwashwa darasa zima litamgeukia yule mvulana mmoja ambaye kila mtu anamshuku. Hofu hiyo ni ya kweli. Jibu langu ni kwamba pasiwe na mtihani, asilazimishwe mtu kusema, na mwalimu mwenye dhihaka asipewe kipindi hicho. Ila ni nani atakayemchuja huyo mwalimu, kama mkuu wa shule naye anacheka? Mliowahi kufundisha sekondari, hapa nataka kuwasikia ninyi kwanza.