Bodi ya zamani juu ya chesisi mpya: mafundi, acheni kutuambia kazi ni kukata na kuchomea

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitazungusha maneno. Nimechoshwa na mafundi wanaochukua bodi ya gari la zamani, wanaikalisha juu ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) ya gari jipya zaidi, kisha wanamkabidhi mwenye mali funguo kwa sababu urefu umelingana. Kila ukiuliza, jibu ni hilohilo: tumepima, tairi zimekaa katikati ya madigadi, endesha.

Langu ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Chesisi iliyowekwa chini yake ni ya Range Rover ya kizazi cha kwanza, kilichoanza mwaka 1970, yenye inchi 100. Unatoa inchi 12, kama sentimita 30, bodi inakaa. Wazo lenyewe ni zuri na bado nalipenda. Unaachana na springi za vyuma bapa, unapata za koili, unapata na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Watu wamelifanya kwa miaka mingi na yako magari ya namna hiyo yanayotembea vizuri sana. Hasira yangu ni kwa fundi aliyeingia kwenye kazi hii akijua namba moja tu, hiyo 12.

Chesisi ameikata wima. Vipande viwili vimegonganishwa, vikachomewa kwa kuzungushwa, halafu vikapakwa rangi nyeusi nzito. Nilipoikwangua rangi ile nilikuta ufa umeanza kwenye pembe ya chini ya kiungo. Utaachaje kuanza hapo? Gari likipita kwenye shimo, upande wa chini wa reli (boriti ndefu ya chesisi) unavutwa na wa juu unakandamizwa, na mzigo wote unakwenda kwenye mstari mmoja, tena pembeni mwa mstari huo chuma kimeshadhoofishwa na moto. Anayeijua kazi hukata kwa mshazari au kwa ngazi, halafu anaongeza sahani za kuimarisha zenye ncha zilizochongoka, ili pasiwe na mahali ambapo weldi inaikata reli nzima kwa mstari mmoja ulionyooka. Na kabla hajagusa grinda, anaifunga chesisi kwenye fremu isiyotikisika, anapima mshazari kutoka kona hadi kona, na akimaliza kuchomea anapima tena. Hii yangu nimeipima mwenyewe na rafiki yangu: mishazari miwili hailingani. Kumbe ndiyo maana gari linavuta upande mmoja hata baada ya kurekebishwa magurudumu!

Halafu angalieni mlolongo wa mambo ambayo hakuyafikiria kabisa. Ukifupisha chesisi, propela shafti ya nyuma (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli) nayo inafupika, na ikifupika pembe ya krosi, yaani viungo vyake vinavyokunjika, inakuwa kali zaidi. Bodi ya Series ni nyepesi kuliko ya Range Rover, na gari zima linapungua kilo mia kadhaa. Yeye ameacha springi zilezile. Kwa hiyo gari limesimama juu, pembe imezidi kuwa kali, na linatetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Krosi zinaliwa. Nilipolalamika aliniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Hapana, ndugu yangu. Gari la zamani lililotoka kiwandani halitetemeki hivyo.

Upana nao hakuugusa. Umbali kati ya tairi ya kushoto na ya kulia kwenye Series ni inchi 51.5, kwenye Range Rover ni 58.5. Ina maana tairi zinatoka nje ya bodi inchi tatu na nusu kila upande, karibu sentimita 9. Hilo linajulikana kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na dawa yake ni kupanua madigadi. Hakufanya hivyo, na kokoto zinarushwa hadi kwenye vioo.

Sasa mambo mawili yaliyonifanya nilisimamishe gari.

La kwanza ni usukani. Stelingi boksi (gia ya usukani) ya Series imekaa karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, lakini ya Range Rover iko mbele, kwenye reli ya chesisi. Lazima upatikane mhimili wa kuunganisha usukani wa zamani na boksi hiyo mpya. Ukitumia krosi mbili, uma zake zinapaswa kupangwa zikabiliane sawasawa na pembe zigawanywe, la sivyo usukani unakuwa mzito, mwepesi, mzito tena ndani ya mzunguko mmoja. Yeye ameweka krosi tatu bila beringi ya kuushikilia mhimili katikati. Ukikata kona, mhimili unachezacheza wenyewe kabla tairi hazijaitika. Kuna watoto wanapanda gari hili!

La pili ni breki. Ameacha masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) ya breki za drami za Series ikasukume diski nne. Haitoi mafuta ya kutosha kwa pistoni za diski hizo, hivyo pedali inazama karibu na sakafu. Tena masta silinda nyingi za drami zina vali ya kubakiza presha kidogo kwenye bomba, na hiyo kwenye diski inafanya pedi zisiachie vizuri. Ongeza kwamba gari fupi na jepesi nyuma huhamishia uzito mbele haraka likifunga breki, kwa hiyo tairi za nyuma zinakwama mapema zisipopunguziwa nguvu. Hakupunguza chochote.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Uingereza, kwao na Land Rover, kwa miaka mingi walitumia hesabu ya pointi: gari lilihitaji 8 ili libaki na namba yake ya usajili, na chesisi ya asili au mpya isiyobadilishwa peke yake ilikuwa na 5. Aliyekata chesisi alikosa hizo 5 na gari likapelekwa kukaguliwa upya. Hayo aliyetakiwa kuniambia ni fundi, kabla ya kuanza, kwa sababu namba ya chesisi iliyo chini ya gari siyo iliyo kwenye kadi.

Ninachomdai ni hiki: chesisi nyingine ambayo haijakatwa, ifupishwe ikiwa imefungwa kwenye fremu ya kupimia, na mimi niwepo. Usukani na breki vikaguliwe na mtu mwingine, si yeye. Nanyi mnaorusha video za kazi hizi, mkifika pale bodi inaposhuka juu ya chesisi watu wakishangilia, msikatishe hapo. Onyesheni kiungo kabla ya rangi, onyesheni krosi za usukani, onyesheni gari likifunga breki.

Mwenye vipimo vya mishazari vya chesisi ya Range Rover ya inchi 100 ambayo haijaguswa na grinda, tafadhali aviweke hapa. Nitavihitaji siku nikisimama na huyu bwana mbele ya mkaguzi.