Kila kocha akiharibu mnatutajia Ferguson na Arteta. Basi, imetosha!

Wandugu, salamu kwenu wote: wa Kunguru (TP Mazembe), wa Lupopo, na nyie mnaojificha nyuma ya jezi za Ulaya. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Hapa Lubumbashi, toka Katuba mpaka Kampemba, ukithubutu kusema kocha fulani kazi inamshinda, jibu ni moja tu: "Umuache, eko anajenga. Hata Ferguson walimupatia wakati." Ukiuliza anajenga nini, na sisi tutajuaje kama kuta zinapanda, unaambiwa hujui mpira. Mwenye sauti kubwa ameshinda, chupa nyingine ya bia ya Simba imefunguliwa, mjadala umekwisha. Nimechoka nao.

Tuanze na Ferguson, kwa kuwa ndiye mnayemtumikisha kuliko wote. Alifika Manchester United Novemba 1986. Kombe lake la kwanza pale, la FA, alilibeba 1990, na ubingwa wa ligi ukaja 1993. Nyie mnasimulia mwanzo na mwisho, katikati mnaparuka. Msimu wake wa kwanza kamili, 1987-88, alimaliza wa pili. Mwaka 1989 aliwauza Paul McGrath na Norman Whiteside, vipenzi vya mashabiki, na pombe ilikuwa miongoni mwa sababu. Upande wa vijana alikuwa anafumua na kusuka upya. Ryan Giggs aliletwa akiwa na miaka 14. Ndiyo, msimu wa 1989-90 alimaliza wa 13, na Septemba ile Manchester City walimtandika 5-1. Kwa kutazama msimamo wa ligi peke yake alikuwa mtu wa kufukuzwa. Lakini aliyekuwa ndani ya klabu aliweza kukuonyesha kwa kidole kitu kinachokua. Wewe unayemtetea kocha wako, kidole chako kinaelekea wapi?

Na kuna hesabu ambayo hamuifanyi kabisa. Ferguson ana sanamu nje ya Old Trafford. Makocha waliovumiliwa wakaishusha timu daraja hawachongewi sanamu, ndiyo maana hamwajui hata kwa jina. Mnamchukua mmoja aliyefaulu, mnamfanya sheria ya wote.

Sasa Arteta. Huyu ndiye anayenikera zaidi, maana mfano wake ni mzuri na nyie mnauharibu. Alichukua Arsenal Desemba 2019, akabeba Kombe la FA 2020, halafu mambo yakageuka. Krismasi ya 2020 timu ilikuwa ya 15, imecheza mechi 7 za ligi bila ushindi. Akamaliza wa 8, kama msimu uliotangulia. Agosti 2021 akaanza kwa kupigwa na Brentford 2-0, Chelsea 2-0, City 5-0. Mechi 3, hakuna goli, mkiani. Mnasema: "Mmeona? Walivumilia!" Sawa, lakini walivumilia nini? Msimu ule wa 2020-21 mnaoutukana, Arsenal ilifungwa magoli 39 tu katika ligi. Ni City na Chelsea pekee waliofungwa machache zaidi. Msimu wa kabla yake ilikuwa 48. Yaani nyumba ya nyuma ilikuwa imeshafungwa mlango wakati ile ya mbele bado inavuja. Baada ya Krismasi akawapa nafasi Saka, Smith Rowe na Martinelli. Dirisha la usajili la 2021 akaleta watu 6, White, Ødegaard, Ramsdale, Tomiyasu na wenzao, na hakuna hata mmoja aliyezidi miaka 23. Aubameyang alipovunja nidhamu akavuliwa unahodha, baadaye akaondoka, kocha akabaki na neno lake. Ukiunganisha hayo unaona njia. Akawa wa 5, kisha wa pili 2023, 2024 na 2025. (Na kwa mtu aliyeshika nafasi ya pili mara 3 mfululizo, hilo neno "anajenga" lisitajwe tena. Ujenzi una siku unapokwisha, mnaanza kudaiwa kombe.)

Kwa hiyo Arteta hakuwa mtu aliyepewa muda kwa huruma. Alipewa muda kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupima.

Mlinganishe na Amorim, basi. Si mjinga, Sporting aliifanya bingwa wa Ureno 2021, ubingwa waliokuwa wameukosa miaka 19, akarudia 2024. Alifika United Novemba 2024, katikati ya msimu, bila maandalizi. Hilo namhesabia. Akaja na mfumo wake wa 3-4-3, mabeki watatu nyuma, viungo wawili tu katikati, na wapinzani wakaweka watatu. Kila wiki. Viungo wake wakawa wanakimbia katikati ya pasi za watu, mabeki wa pembeni wamepanda, nyuma kuna uwanja mzima wa kushambuliwa. Alimaliza wa 15 na pointi 42, akapoteza fainali ya Europa 1-0 mbele ya Tottenham ambao nao ligini walikuwa wa 17. Mnakumbuka mlivyosema? "Ngojeni awe na wachezaji wake." Majira ya joto 2025 wakamnunulia Cunha, Mbeumo na Šeško kwa pesa inayozidi pauni milioni 200. Agosti hiyohiyo akatolewa na Grimsby, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12-11. Na katikati ikawa bado ni wawili kwa watatu. Mfumo si dini. Kocha akishaona tundu, akaliacha miezi 8, huyo hajengi. Anabishana na uwanja. Ten Hag, aliyemtangulia hapo United, naye walimwacha aendelee baada ya kumaliza wa 8 na kufungwa magoli 58 ligini, kisa ameshinda Kombe la FA 2024. Oktoba wakamfukuza wakiwa wamemaliza naye dirisha zima la usajili. Hapo lawama ni ya mabosi, si yake.

Postecoglou nitampitia haraka: aliwapa Tottenham kombe la Europa baada ya ukame mrefu, akafungwa mechi 22 za ligi msimu huohuo, wakamfukuza. Watu walilia. Mimi naona walikuwa sahihi, na wakati huohuo nafurahi yule mzee alibeba kombe.

Mtaniuliza: wewe unapima kwa nini? Mimi naangalia goli linalojirudia. Timu yoyote inafungwa, hata nzuri. Lakini ukifungwa kwa kona ya mlingoti wa karibu Septemba, Oktoba tena, Novemba tena, ina maana siku za mazoezi hakuna aliyeuchukua ule mlingoti na kusema "hapa atasimama fulani". Hilo halihitaji dirisha la usajili. Halihitaji milioni 200. Ni kazi ya Jumanne na Jumatano. Vilevile naangalia timu ikipoteza mpira: wale watatu walio karibu wanafanya nini? Wakiinua mikono kumlaumu mwenzao, hawajafundishwa. Wakibana wote pamoja hata kama wanakosea, wamefundishwa na wanajifunza, mimi huyo kocha nitamtetea hata akifungwa mechi 4. Na kijana wa miaka 19, je, baada ya mwaka mmoja mikononi mwake anajua kitu ambacho hakukijua? Matokeo yanadanganya kwa mwezi mmoja au miwili. Mwenendo haudanganyi kwa muda mrefu hivyo.

Nyie wa upande wa pili msicheke, zamu yenu imefika. Wale wa "fukuza" baada ya mechi mbili.

Sisi wa Mazembe hapa Kamalondo tumeharibiwa na utamu. Tulibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009, 2010, 2015, na 2010 tukaona Internacional ya Brazil wakipigwa 2-0 Abu Dhabi na sisi tukaingia fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter ya Milan. Tangu hapo kila kocha anapimwa kwa 2010. Lamine N'Diaye, mtu yuleyule wa 2010, aliporudi akatufikisha nusu fainali ya Afrika 2024, 0-0 nyumbani na Al Ahly kisha 3-0 kule Cairo. Watu wakamwita baba. Msimu uliofuata tukashika mkia kundini nyuma ya Al Hilal, MC Alger na Yanga, na waliokuwa wakimwita baba wakasema hajui kitu. Kati ya hiyo miezi hakuna aliyeuliza nani wameondoka, nani wameingia, ligi yetu imechezwa mara ngapi na imesimama mara ngapi. Yanga wanacheza ligi inayoenda kwa ratiba. Sisi hapa mchezaji anaweza kukaa wiki na wiki bila mechi ya maana, halafu unataka akimbie dakika 90 Dar es Salaam. Sisemi kocha hakukosea. Nasema mliruka kutoka kuabudu mpaka kutukana bila kupita kwenye kufikiri.

Na kina dada wa Mazembe? Novemba 2024 walikuwa mabingwa wa Afrika, chini ya Lamia Boumehdi. Sijasikia hata nganda (baa) moja ikibishana kuhusu mbinu zake. Mnajua kwa nini, na mnajua si kwa sababu ya mpira.

Timu ya taifa ndiyo iliyopaswa kutufundisha. Juni 2022, chini ya kocha Cúper, tulipoteza mechi 2 za kwanza za kufuzu Kombe la Afrika, na Gabon na Sudan. Desabre akaja Agosti. Nakumbuka kelele: Mfaransa mwingine, hatuna muda. Akaanza kwa kuifanya timu iwe ngumu kufungwa, akashawishi vijana wetu waliozaliwa Ulaya, akampa Mbemba ukuta wa kuongoza. Tukafuzu tukiwa wa kwanza kundini. Kule Côte d'Ivoire tukatoka sare mechi zote 3 za kundi, na hapa mjini watu wakawa wanacheka: timu ya sare! Timu ya sare ikaitoa Misri kwa penalti, ikaipiga Guinea 3-1, ikamaliza ya 4. Novemba 2025, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, ikaitoa Cameroon, kisha Nigeria kwa penalti. Hizo sare zilizochekwa ndizo zilikuwa dalili zenyewe. Timu ambayo 2022 ilikuwa inafungwa na kila mtu ilikuwa imeacha kufungwa. Mwenye macho aliona kabla ya Misri.

Wenye klabu nao, huku kwetu na kule Ulaya, wana deni lao. Kocha anatambulishwa kwa maua na picha, hakuna anayesema msimu wa kwanza tunataka nini. Nafasi ya 4? Kuibua vijana 3? Kutofungwa hovyo? Wanakaa kimya makusudi, maana lengo lisilotajwa halimbani bosi. Timu ikiyumba, anatupwa kocha, na yeye bosi anabaki kwenye kiti chake akitafuta "mradi" mwingine.

Sasa nawangoja. Atakayekuja kujibu alete jina la kocha wake, tarehe aliyoanza kazi, na kitu kimoja ambacho timu inakifanya uwanjani leo na siku ile ilikuwa haikifanyi. Kimoja tu, na mechi iliyoonekana. Wa "fukuza" nao walete goli linalojirudia, si hasira ya Jumapili. Atakayeanza na "hata Ferguson", simjibu.