Uzi maalumu: tuliosoma shule za msingi za masista na mapadre, tupeane uzoefu

Mlinda Kengele
Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na wasio wa kwetu habari za mchana. Leo saa sita daladala yetu ilikwama kwenye foleni nje ya shule moja ya masista. Kengele ikalia, na watoto waliokuwa wanakimbizana uwanjani wakasimama wima pale pale, mmoja mpira ukiwa chini ya mguu. Sala ya saa sita ikaanza: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Nikajikuta naitikia kwa sauti, abiria wa pembeni akanigeukia.

Shuleni kwetu mimi ndiye niliyekuwa mpiga kengele: ringi ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, unaigonga kwa nondo. Ikilia ya saa sita hakuna aliyeweka kitu mdomoni, hata kama kijiko kiko njiani. Tuliopita huko tukutane hapa. Nini hujakisahau?

Kiranja wa Namba
Njia ya Msalaba, Ijumaa za Kwaresima. Vituo 14 kuzunguka shule nzima, jua la saa tisa, unapiga goti kwenye changarawe. Ukifika kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili, na kuna mtoto wa darasa la kwanza ameshaanguka naye, wakubwa wanambeba kivulini. Jioni maharage bila mafuta. Lakini nawaambia kweli, nilipofiwa na baba niliisali njia yote usiku mzima bila kitabu.

Fundi Redio
Changarawe mkuu! Magoti yangu ni shahidi.

Mzee wa Kahawa
Ninyi ni vijana wa juzi. Mimi nilianza darasa la kwanza 1972, kwenye shule iliyojengwa na wamisionari, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na serikali kwa ile Sheria ya Elimu ya 1969. Kanisa na shule vilikuwa ukuta kwa ukuta, ila padri darasani aliingia kwa kipindi cha dini tu. Kipindi kikifika darasa linagawanyika: Wakatoliki mwembe huu, Waluteri mwembe ule, Waislamu na mwalimu wao barazani. Kikiisha mnarudi dawati moja. Katekista wetu malipo yake yalikuwa debe la mahindi wakati wa mavuno, na Kanuni ya Imani alitufundisha kwa kuiimba, mstari kwa mstari, mpaka mbuzi wa jirani wakaizoea. Hizi shule za ada mnazozungumzia zimeshamiri kuanzia miaka ya 90.

Mtoto wa Ujiji
Mimi ni Muislamu na nimesoma kwa masista, bweni, la kwanza hadi la saba. Misa ya asubuhi niliingia, nikakaa benchi la nyuma, hakuna aliyenilazimisha kupiga goti. Ninachokikumbuka ni Ramadhani. Matroni alikuwa sista mtu mzima, miguu inamsumbua, lakini usiku alipanda ngazi kutugongea tuliofunga. Tukishuka jikoni tunakuta uji wa ulezi na makande aliyoyafukia kwenye majivu ya moto ili yasipoe. Mpishi alilalamikia kuni. Sista akamwambia kuni zikiisha ataokota yeye. Na kweli tulimuona na kanga kiunoni, anaokota matawi nyuma ya bweni.

Sauti ya Nyikani
Umebahatika, usifanye kama ndiyo desturi. Mdogo wangu shule aliyosoma alinyimwa ruhusa ya kwenda msikitini Ijumaa mpaka anamaliza, na Rozari ya Oktoba alikuwa anaandikwa jina asipohudhuria. Ibara ya 19 ya Katiba iko wazi kuhusu uhuru wa kuabudu. Tusipambe.

Kiranja wa Namba
Mkuu, mzazi alisaini fomu ya kujiunga. Masharti yameandikwa.

Sauti ya Nyikani
Mzazi anayetafutia mwanawe shule nzuri atasaini chochote. Hiyo unaiita ridhaa?

Kiranja wa Namba
Sasa shule ya kanisa isisali kwa sababu wewe umeleta mtoto?

Sauti ya Nyikani
Isali. Isimuandike jina mtoto wa mwenzio.

Mama Junia
Samahanini kuingilia. Sisi ni Wasabato. Mwanangu anaanza la kwanza Januari na shule iliyo jirani ni ya masista. Jumamosi huwa kuna masomo ya ziada?

Fundi Redio
Mpeleke dada. Atarudi anajua kufua soksi na Litania yote ya Bikira Maria.

Mzee wa Kahawa
Mpeleke, ila asilale bweni. Mtoto wa miaka saba anahitaji mama yake.

Kiranja wa Namba
Mimi ningesema bweni hapo hapo. Akishazoea kudekezwa nyumbani, bweni la darasa la tano litamliza.

Binti wa Mbinga
Nilikuwa napita tu, lakini mlipotaja fomu na masharti nimeshindwa kunyamaza.

Darasa la nne, wiki ya Komunio ya Kwanza. Mafundisho tumemaliza, kitubio cha kwanza tumefanya Alhamisi. Gauni jeupe niliazimwa na mtoto wa mama mdogo. Viatu vilikuwa vikubwa, mama akajaza magazeti mbele. Ijumaa asubuhi mstarini, sala imekwisha, sista mhasibu akafungua kaunta buku lake lenye mgongo mwekundu akaanza kusoma majina ya wanaodaiwa ada. Ukisikia lako unatoka mbele. Nikatoka. Tukaambiwa tuchukue mabegi, tusirudi bila risiti ya benki. Mwalimu wa dini akamsogelea, akamnong'oneza kwamba wengine hapa ni wa Komunio keshokutwa. Sista akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba walimu nao wana keshokutwa, na wanakula.

Kwetu tunaishi kwa kahawa. Juni kahawa ndiyo kwanza inaiva, hela yake iko mbali. Nilipofika mama alikuwa anapepeta maharage. Nikamwambia. Hakunigombeza, hakulia. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Vua sare usiichafue."

Jumamosi alfajiri ilikuwa siku ya jumuiya, Wakatoliki wa mtaa mmoja tunaposali pamoja. Kwenye nia za maombi mama akaomba kwa sauti tumwombee mtoto aliyezuiwa kumpokea Yesu kwa sababu kahawa bado iko mtini. Pale watu wanapoitikia, hakuna aliyeitikia. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja mkulima kama sisi, akafunga kitabu. Akasema, "Hili si la kuitikia Ee Bwana utusikie. Hili ni la kutembea."

Wakatembea, jumuiya nzima, akinamama na watoto mgongoni, mimi nyuma na gauni kwenye mfuko wa rambo, mpaka kwa paroko. Tulimkuta amechuchumaa anatengeneza pikipiki, mikono imejaa oili. Akasikiliza bila kusimama. Aliuliza mambo mawili tu: huyu mtoto amefundishwa? Amefanya kitubio? Akasema basi huyu ni mtoto wa parokia kabla hajawa mwanafunzi wa shule, kesho awe mstari wa mbele.

Jumapili yule yule sista ndiye aliyekuwa anatupanga mlangoni. Aliponifikia akaninyoosha veli, akapita. Nikakomunika. Mama aliimba siku ile mpaka sauti ikamkauka.

Jumatatu mstarini nikarudishwa nyumbani tena.

Fundi Redio
"Hili ni la kutembea." Nimeisoma nimesimama.

Mlinda Kengele
Jumatatu?! Mungu wangu.

Sauti ya Nyikani
Ndiyo maana nasema tusipambe. Mtoto wa miaka kumi anasimamishwa mbele ya shule kwa deni ambalo hajui hata lilikopwaje.

Mhasibu Mstaafu
Nimeshika vitabu vya shule ya kanisa muda mrefu, niseme kitu. Wazazi wengi wanaamini nyuma ya shule kuna mzungu anatuma hela. Hamna. Mahindi, maharage, umeme, mishahara, makato ya NSSF ya walimu, vyote vinatoka kwenye ada. Nimemuona mzazi anadaiwa mihula miwili na ananunua bajaji ya pili. Kwa hiyo yule sista namuelewa. Lakini kusoma majina mstarini nililikataa tangu siku ya kwanza. Deni ni la mzazi, nilikuwa nampigia mzazi. Ukimuaibisha mtoto hulipwi haraka zaidi, unamfanya tu aichukie kengele ya shule.

Binti wa Mbinga
Asante mzee wangu. Hilo ndilo nililotaka mtu wa ofisi aseme.

Kiranja wa Namba
Jamani turudi kwenye uzi. 3 Juni mnaikumbuka? Mashahidi wa Uganda. Kwetu ilikuwa lazima tuigize, watoto wanavingirishwa kwenye mikeka kama walivyofungwa Karoli Lwanga na wenzake kule Namugongo 1886. Mdogo kuliko wote ndiye anakuwa Kizito. Mwaka mmoja Kizito wetu alipitiwa na usingizi ndani ya mkeka, tukamaliza igizo, tukaimba, tukaenda kula pilau. Mama yake ndiye aliyeuliza mtoto yuko wapi.

Mtoto wa Ujiji
Mimi nilikuwa Kabaka Mwanga, yule mfalme aliyeamuru wauawe, miaka yote kwa sababu ya urefu. Bibi yangu alikuja kuniona na baibui lake, akakaa benchi la mbele karibu na paroko. Wakawa wanaulizana majina ya waigizaji.

Mzee wa Kahawa
Binti, umetuacha njiani. Ile ada iliishaje?

Binti wa Mbinga
Kahawa ilipouzwa mama alilipa deni lote. Benki alikwenda mwenyewe. Risiti hakuniachia mimi, aliipeleka kwa mkono asubuhi, shule nzima ikiwa mstarini. Akamkabidhi sista, akamuomba kwa heshima kabisa asome jina langu kwamba sidaiwi, kwa sauti ile ile. Sista aliitazama risiti, akafungua kaunta buku, akalisoma.

Fundi Redio
Mama apewe maua yake akiwa hai.

Mama Junia
Poleni na hongereni, nimesoma yote. Ila la Jumamosi bado hamjanijibu.

Mhasibu Mstaafu
Dada yangu, kila shule ina utaratibu wake. Nyingi Jumamosi asubuhi wana masomo ya ziada au usafi. Nenda kamuone mwalimu mkuu kabla hujanunua fomu, mweleze kwamba ninyi ni Wasabato, na kama atamruhusu mtoto asije Jumamosi muombe akuandikie barua. Wakuu wa shule huhamishwa, na anayefuata atataka kuiona karatasi.