Mwizi afungwe au alipe?

Mleta mada: Mtu kaibiwa baiskeli. Mwizi kakamatwa ishauzwa, kafungwa miezi 6, na mwenye mali katoka mahakamani mikono mitupu. Sheria za kale zilianza na aliyeibiwa. Kitabu cha Kutoka katika Biblia, sura ya 22: ng'ombe akichinjwa au kuuzwa, mwizi analipa ng'ombe 5, kondoo, 4, mnyama akikutwa hai mkononi mwake, 2. Warumi nao walikuja kumtoza aliyefumaniwa mara 4 ya thamani, na asiyefumaniwa mara 2, na fedha zilikwenda kwa aliyeibiwa. Naona turudi huko, jela iwe ya mwisho.

Msoma Torati: Mkuu, umeishia njiani. Mstari wa 3 wa sura hiyohiyo unasema asiye na kitu auzwe kwa wizi wake. Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, alikuwa mkali zaidi: mnyama wa hekalu au wa ikulu, mara 30, wa raia wa kawaida, mara 10, asiye na cha kulipa, auawe. Leo hatuuzi mtu wala hatumuui kwa deni. Sasa mwizi fukara utamfanya nini?

Mwanafiqhi: Watu wakisikia wizi katika Uislamu wanawaza kukatwa mkono tu. Masharti yake ni mazito. Mali ifikie kiwango: robo dinari kwa madhehebu ya Mashafi, kama gramu moja ya dhahabu, dirhamu 10 za fedha kwa madhehebu ya Mahanafi. Ichukuliwe kwa siri, kutoka mahali panapostahili kuihifadhi: fedha sandukuni, mifugo zizini. Aliyechukua pochi iliyosahauliwa juu ya benchi hakatwi hata ikijaa dhahabu. Aliyekula amana hakatwi, mpokonyaji hakatwi, baba aliyechukua mali ya mwanawe hakatwi. Aliyekiri akikana kabla ya hukumu kutekelezwa, hadd, yaani adhabu hiyo ya kukatwa, inaanguka. Khalifa Umar aliisimamisha mwaka wa ukame. Hapo kadhi anabaki na taaziri, adhabu anayoipima mwenyewe.

Kuhusu kulipa, kitu kikiwapo kinarudishwa, hilo halina ubishi. Kikishaangamia, Mashafi wanasema akatwe na alipe. Mahanafi wanasema akikatwa halipi. Imamu Malik, mwenye madhehebu ya Kimaliki, yuko katikati, alipe akiwa na uwezo. Kwa hiyo swali lako, mleta mada, limebishaniwa zamani sana.

Mwanasheria: Sheria ya Uingereza ya 1968 inataka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mshtakiwa alijitwalia mali ya mwingine bila uaminifu, kwa nia ya kumnyima mwenyewe daima. Nia hiyo ndiyo ngumu. Mtu akichukua gari, akalizungusha usiku na kuliacha barabarani, wizi hauthibitiki, ndiyo maana kifungu cha 12 kikaweka kosa la pekee la kuchukua gari bila ruhusa. Kifungo cha juu cha wizi ni miaka 7. Hakimu anaweza kuamuru fidia katika kesi hiyohiyo, ila lazima apime kwanza uwezo wa mshtakiwa, na hapo tunarudi kwa yule fukara. Tajiri naye, kama kulipa kunamaliza kesi, atakuwa ananunua ruhusa ya kuiba.

Mleta mada: Tajiri ana dawa. Finland tangu 1921 wana faini ya siku: kosa linapewa idadi ya siku, na kila siku inahesabiwa kwa kipato cha mkosaji. Fukara akatwe kidogokidogo kwenye ujira. Mwenye njaa kabisa aachwe. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya Italia ilimfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji za euro 4 na ushee. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, alishalifundisha hilo karne ya 13.

Mwanasheria: Faini ya siku inaingia hazina ya serikali, aliyeibiwa haipati. Ukiamua iende kwake, watu wawili walioibiwa simu za aina moja, mmoja atalipwa mara 2 na mwingine mara 300, kwa sababu tu wa pili kaibiwa na tajiri. Hapo utapangaje?